Elimu ya Jumla na Gharama Yake kwa Mwanafunzi Mtu Mzima: Uhakiki Linganishi wa Educating Rita ya Willy Russell na Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi

IKISIRI

Makala haya yanahakiki tamthilia ya Educating Rita (1980) ya Mwingereza Willy Russell kwa kuilinganisha na riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi. Swali linaloongoza uhakiki ni hili: masomo ya jumla ambayo chuo kikuu humlazimisha mwanafunzi mtu mzima kuyasoma kabla ya kumtunuku shahada ya kwanza yanampa nini, na yanamdai nini? Makala yanatetea hoja kwamba tamthilia inabainisha madai ya aina mbili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Dai la kwanza ni ushahidi, yaani mwanafunzi athibitishe anachokisema. Dai la pili ni sauti, yaani mwanafunzi aache namna yake ya kusema. Dai la kwanza ni la haki na humjenga msomi. Dai la pili halina msingi wa kitaaluma, na ndilo linalofanya elimu ya jumla ionekane kama adhabu. Uhakiki unatumia mawazo ya Paulo Freire kuhusu elimu ya kuweka amana, na unahitimisha kwa mapendekezo kuhusu ufundishaji wa kozi za lazima kwa watu wazima nchini Tanzania.

1.0 Utangulizi

Kila anayeisaka shahada ya kwanza hukutana na masomo ambayo hakuyachagua. Kijana aliyetoka kidato cha sita huyapokea kama alivyozipokea ratiba zote za shule zilizotangulia. Mtu mzima huyapokea kwa namna nyingine. Amekwisha kulea watoto, amelipa kodi, amezika wazazi, pengine ameongoza ofisi. Anapoambiwa kwamba hawezi kuhitimu Kiswahili, sheria au biashara bila kufaulu kozi ya maendeleo, ya stadi za mawasiliano au ya matumizi ya kompyuta, swali humjia bila kulitafuta: je, chuo kinanifundisha nisichokijua, au kinanipima kwa kipimo cha watoto wangu?

Mwandishi wa makala haya aliingia chuoni akiwa amefundisha shule ya msingi kwa miaka kumi na minne, na swali hilo alikaa nalo. Hata hivyo, makala haya si malalamiko. Yanakusudia kulitazama swali kupitia kazi ya fasihi iliyolibeba kwa uwazi kuliko nyingi nyingine, nayo ni Educating Rita. Mhusika wake mkuu ni msusi mwenye umri wa miaka 26, mke wa mtu, anayejiandikisha katika Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kusoma fasihi.

Ni halali kuuliza kwa nini mhakiki wa Kiswahili ashughulike na msusi wa kaskazini mwa Uingereza. Jibu liko katika historia ya taasisi zenyewe. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopata hati ya kifalme mwaka 1969 na kuanza kufundisha mwaka 1971, ndicho kilichotangulia na kutolewa mfano na vyuo vikuu huria vilivyofuata katika nchi nyingi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, ni kimojawapo cha vyuo hivyo. Anayemsoma Rita kutoka katika kituo cha mkoa cha chuo huria nchini Tanzania hasomi habari za mgeni kabisa. Anamsoma dada yake mkubwa aliyetangulia shule.

2.0 Muktadha: Masharti ya Elimu ya Jumla

Elimu ya jumla, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni sehemu ya programu ya shahada inayomtaka mwanafunzi asome nje ya fani yake. Chimbuko la sharti hilo halifanani kila mahali. Mikondo mitatu inatosha kulieleza.

Mkondo wa kwanza ni wa Marekani. Huko shahada ya kwanza kwa kawaida huhesabiwa kwa krediti 120 hivi, na kati ya robo na theluthi yake huwa ni masomo ya jumla: uandishi, hisabati, sayansi, historia, sanaa. Taarifa mashuhuri ya Chuo Kikuu cha Harvard ya mwaka 1945 kuhusu elimu ya jumla katika jamii huru ilitetea kwamba raia wa nchi ya kidemokrasia wanahitaji maarifa ya pamoja, si ufundi wa kazi pekee.

Mkondo wa pili ni wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza. Chuo hicho kilipokea wanafunzi bila kudai vyeti vya awali, na kwa sababu hiyo kilihitaji mlango mpana wa kuingilia. Mwaka 1971 kilifungua kozi nne za msingi: sanaa na utu, sayansi ya jamii, sayansi na hisabati. Kozi ya teknolojia ilifuata. Shahada ya kawaida ilihitaji krediti sita na ya heshima ilihitaji nane, na mbili kati yake zilipaswa kuwa za kozi za msingi. Aliyetaka fasihi peke yake alilazimika kwanza kupita uwanja mpana zaidi. Waliokuwa na masomo rasmi ya juu, kwa mfano walimu wenye vyeti, waliweza kusamehewa baadhi ya krediti. Msusi hakuwa na cha kusamehewa.

Mkondo wa tatu ni wa Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 na andiko la Mwalimu Nyerere la Elimu ya Kujitegemea la Machi mwaka huo huo, chuo cha Dar es Salaam kilijadili nafasi yake katika nchi ya kijamaa. Katika mjadala huo lilizaliwa somo la lazima kwa wanafunzi wa fani zote, ambalo baadaye lilikuja kuwa Taaluma za Maendeleo. Hoja ilikuwa kwamba daktari, mhandisi na mwanasheria wasiondoke chuoni bila kuelewa jamii iliyowasomesha. Mwezi Novemba 1974 Azimio la Musoma lilikwenda mbali zaidi, kwa kuwataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Kwa muda, mwanafunzi wa chuo kikuu wa Tanzania alitakiwa kuwa mtu mzima. Haukupita muda mrefu kabla wanawake hawajaruhusiwa kwenda moja kwa moja, kwa kuwa idadi yao ilishuka: ndoa na uzazi viliwapokea kabla chuo hakijawapokea. Jambo hilo lina uzito katika kumsoma Rita, kama itakavyoonekana.

3.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na wazo la Paulo Freire kwamba kuna elimu inayomfanya mwanafunzi kuwa chombo cha kuwekea amana na elimu inayomfanya mshiriki wa kuutaja ulimwengu wake. Katika elimu ya kwanza, mwalimu huweka na mwanafunzi hutunza. Siku ya mtihani amana hutolewa kama ilivyowekwa. Katika elimu ya pili, mwalimu na mwanafunzi huanza na tatizo ambalo mwanafunzi anaishi nalo. Wazo hili linafaa kuhakikia masomo ya lazima, kwa kuwa ulazima hukaribisha amana kwa urahisi. Hata hivyo, makala hayamchukui Freire kama rungu la kupigia kila mwalimu. Itaonekana kwamba tamthilia ya Russell inautatiza mgawanyo wake.

4.0 Uhakiki wa Kazi

4.1 Mlango usiofunguka

Tamthilia ina wahusika wawili tu jukwaani na mandhari moja, ofisi ya mhadhiri Frank. Frank ni mshairi aliyeacha kuandika, mlevi, aliyekubali kumfundisha mwanafunzi wa chuo huria ili apate fedha za pombe. Rita anapokuja mara ya kwanza, mlango haufunguki kwa sababu kitasa ni kibovu. Frank, aliye ndani, amezoea. Rita ndiye anayelalamika, na anaporudi anakuja na mafuta ya kukilainisha.

Tukio hilo dogo limebeba dhamira ya kazi nzima. Mwenyeji wa chuo haoni ubovu wa mlango kwa kuwa yeye yuko ndani. Anayeingia akiwa mtu mzima, kutoka kazini, huona kasoro na hujua namna ya kuirekebisha kwa sababu mikono yake imezoea kazi. Hapa Russell anatoa hoja ya kwanza kuhusu elimu ya jumla: mtu mzima haji mikono mitupu. Mwandishi mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1947, aliacha shule akiwa na miaka 15, akafanya kazi ya ususi, kisha akarudi kusoma na kuwa mwalimu. Alikuwa akiandika anachokijua.

4.2 Jibu la sentensi moja

Rita anapewa swali la insha: angezitatua vipi changamoto za kuigiza jukwaani tamthilia ya Peer Gynt ya Henrik Ibsen? Swali ni la kawaida ya vyuo. Tamthilia hiyo ina milima, jangwa, bahari na viumbe vya ajabu, na jukwaa haliwezi kuvibeba kwa urahisi. Rita anajibu kwa sentensi moja: aitangaze redioni.

Hadhira hucheka, na Frank naye anaona kwamba jibu hilo halitamfaulisha. Lakini anapomtaka alipanue, Rita anaongeza sababu: Ibsen mwenyewe aliitunga kazi hiyo kwa ajili ya sauti, si kwa ajili ya jukwaa, na laiti redio ingekuwapo zama zake angeitumia. Sababu hiyo ina msingi katika historia. Ibsen alichapisha Peer Gynt mwaka 1867 kama tamthilia ya kishairi ya kusomwa, na haikupanda jukwaani hadi mwaka 1876. Jibu lililoonekana utani lilikuwa na mzizi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kutolicheka jibu hilo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia takriban Watanzania milioni 2 kupitia vikundi vya kusikiliza redio. Watu wazima, wengi wao bila vyeti vyovyote, walikaa chini ya miti na vitabu vyao wakijifunza kuhusu maji, vyoo na malaria. Kwetu redio imekuwa chuo. Rita angezaliwa Nzega, huenda mwalimu wake asingeshangaa.

Jambo la kuzingatia kiuhakiki ni tofauti kati ya jibu la kwanza na la pili. Sauti ya Rita haikubadilika. Kilichoongezeka ni ushahidi. Chuo kilimdai athibitishe, akathibitisha, na hoja yake ikawa na nguvu kuliko mwanzo. Hili ndilo dai la haki. Bila chuo, Rita angebaki na wazo zuri asiloweza kulitetea mbele ya mtu asiyemfahamu. Mgawanyo wa Freire hautoshi kulieleza, kwa kuwa habari ya Ibsen ni amana kutoka vitabuni, lakini ni amana iliyompa Rita nguvu ya kusema lililo lake.

4.3 Insha iliyochanwa

Mfano wa pili uko kinyume. Denny, mume wa Rita, anataka mtoto. Anapogundua kwamba mkewe bado anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, anavichoma vitabu na maandishi yake. Baadaye anampa sharti: aache masomo na vidonge, au aondoke. Rita anafika ofisini kwa Frank na sanduku lake. Hataki kuzungumzia ndoa iliyovunjika. Anataka kujua insha yake kuhusu Macbeth imepata nini.

Frank anamwambia ukweli mchungu. Insha ni ya dhati na imemgusa, lakini kwa vigezo vya mtihani haina thamani. Ili afaulu, itambidi azuie kile kile kinachomfanya awe yeye. Rita anaichana insha hiyo na kuomba aanze upya.

Hapa dai si ushahidi tena. Frank hasemi kwamba hoja za insha ni za uongo au hazikuthibitishwa. Anasema kwamba namna yake ya kusema si namna ya watahiniwa. Tukumbuke kwamba Frank anapinga anachokifanya, na mtoto wa mwenye nyumba humsikitikia mgeni huku akila chakula chake. Analipwa na mfumo anaoulaumu.

Mwandishi wa makala haya anakumbuka mwenzake mmoja wa darasa, aliyekuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba. Katika kozi ya lazima ya maendeleo waliulizwa kuhusu matatizo ya ushirika. Aliandika kuhusu mizani ya kituo cha kununulia, kuhusu wakulima waliodai malipo ya pili, na kuhusu siku alipolazimika kufunga ofisi na kupitia dirishani. Kazi ilirudi na alama ya kufeli na maneno kwamba huo haukuwa mjadala wa kitaaluma. Katika jaribio lililofuata alinakili kitini, akafaulu. Hakuandika tena habari ya mizani.

Tuwe waadilifu: msahihishaji alikuwa na haki ya kuuliza rejea ziko wapi. Simulizi ya kituo kimoja haithibitishi hali ya nchi nzima. Angemwambia karani atafute kilichoandikwa kuhusu ushirika, akilinganishe na mizani yake, kisha aseme wapi kitabu na mizani vinapatana na wapi vinapingana, angekuwa anafanya kama Frank katika insha ya Peer Gynt. Badala yake alifanya kama Frank katika insha ya Macbeth. Alama ilikuwa ile ile ya kufeli, lakini somo lililofundishwa ni tofauti kabisa.

4.4 Lugha kama sharti lisiloandikwa

Baada ya kozi ya kiangazi jijini London, Rita anarudi na mavazi mapya, marafiki wapya na, kwa kipindi, sauti mpya. Amehamia kwa Trish, mwanamke mwenye elimu na ladha za juu, na anajaribu kusema kama yeye. Frank anachukizwa. Hata jina la Rita, alilojipa kwa kumhusudu mwandishi Rita Mae Brown, analiacha na kurudia jina lake la kuzaliwa, Susan. Baadaye Trish anajaribu kujiua, na Rita anang'amua kwamba alichokihusudu hakikuwa kamili.

Katika mazingira ya Uingereza, lugha inayodaiwa na chuo ni lahaja ya tabaka. Katika mazingira yetu ni lugha nyingine kabisa. Kozi za jumla katika vyuo vikuu vya Tanzania kwa kawaida hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, hata kwa mwanafunzi ambaye tasnifu yake ataiandika kwa Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba mtu mzima hupimwa mambo mawili kwa jina la moja. Anaulizwa kuhusu maendeleo, na kinachosahihishwa ni sarufi.

Hoja kwamba maarifa mapana hayawezi kubebwa na Kiswahili imekwisha kujibiwa kwa vitendo. Mwalimu Nyerere aliitafsiri Julius Caesar mwaka 1963 na The Merchant of Venice mwaka 1969. S. S. Mushi alimleta Macbeth kwa Kiswahili mwaka 1968. Msomaji wa Ukerewe au Pemba aliweza kumfikia Shakespeare bila kubadili ulimi wake, fursa ambayo Rita, mzawa wa nchi ya Shakespeare, hakuipata. Huu ni msiba kwa Rita, lakini ni fedheha kwetu, kwa kuwa daraja tulikuwa nalo na tukaacha kulitumia.

4.5 Rita na Kazimoto

Ulinganisho na Kichwamaji unasaidia kuona nafasi ya umri. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kijijini. Amesoma, lakini kusoma kwake kumemtenga na wazee wake na hakukumpa kingine cha kushikilia. Anamwoa Sabina, mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa na kufa, naye Kazimoto anajiua. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hiyo kwa jicho la udhanaishi, na usomaji huo ni sahihi. Makala haya yanaongeza kwamba riwaya ni pia hukumu juu ya elimu iliyotolewa kabla ya maisha.

Si jambo la kupuuzwa kwamba Kichwamaji ilichapishwa mwaka ule ule wa Azimio la Musoma. Hakuna haja ya kudai kwamba kimoja kilisababisha kingine. Inatosha kuona kwamba mwandishi na chama tawala walikuwa wakilitazama tatizo moja: msomi asiye na mahali. Chama kilipendekeza kazi kwanza. Kezilahabi hakupendekeza kitu, alionyesha kaburi.

Rita naye anatengwa. Usiku mmoja anaalikwa chakula kwa Frank, anafika hadi dirishani, anaona hawezi kuingia, anakwenda baa walipo mumewe na mama yake. Wanaimba. Anajaribu kuimba nao. Kisha anamwona mama yake ameacha kuimba na analia, na mama anamwambia kwamba lazima kuna nyimbo bora kuliko hizo. Rita hafai tena kwao wala bado hafai kwa Frank. Ni hali ya Kazimoto hasa. Tofauti ni kwamba Rita haangamii.

Sababu ni kwamba Rita aliijua gharama kabla ya kulipa. Kazimoto alipelekwa shule, Rita alijipeleka. Alikwisha kuishi maisha ambayo elimu ingemtenga nayo, na aliyajua kwa jina, kwa hiyo hakuweza kuyadharau wala kuyatamani kwa njozi. Katika mtihani wa mwisho anakutana tena na swali la Peer Gynt. Angeweza kuandika sentensi ile ile moja. Anachagua kuandika insha kamili. Kufaulu kwake hakumaanishi kwamba ameshinda Frank au ameshindwa naye. Maana yake ni kwamba sasa ana majibu mawili na uhuru wa kuchagua mojawapo. Hii, kwa maoni ya mhakiki, ndiyo maana thabiti zaidi ya elimu ya jumla kwa mtu mzima: si kumjaza asichonacho, bali kumpa jibu la pili.

5.0 Upungufu wa Tamthilia

Pamoja na ubora wake, kazi ya Russell ina upungufu unaopaswa kutajwa.

Kwanza, Denny na mama hawapandi jukwaani. Tunawajua kwa maneno ya Rita pekee. Matokeo yake, utamaduni wa watu wa kazi unasawiriwa kama ukosefu: nyimbo zisizo bora, baa, ubishi kuhusu vidonge. Denny ni katili anapochoma vitabu, lakini hofu yake kwamba elimu itamwondolea mke ilikuwa sahihi, na tamthilia haimpi nafasi ya kuisema. Kezilahabi anawatendea haki zaidi watu wa kijiji cha Kazimoto, kwa kuwa tunawasikia wakisema wenyewe.

Pili, Rita hana mtoto. Uamuzi huo wa kimsuko unarahisisha mambo. Mwanamke aliyeachwa nje na masharti ya Musoma hakuzuiwa na mume mmoja mwenye kiberiti. Alizuiwa na watoto, maji, kuni na wagonjwa wa ukoo. Tamthilia ingekuwa na ushahidi mzito zaidi kama Rita angekuja na mtoto mgongoni. Sanduku linabebeka, mtoto huuliza atakula nini.

Tatu, ufundishaji unaoonyeshwa si ule wa chuo huria. Wanafunzi wa chuo hicho walisoma kwa vitabu vilivyotumwa kwa posta, vipindi vya BBC, kazi zilizorejeshwa kwa posta na mikutano ya vikundi. Rita ana mwalimu wake peke yake, kwa saa nyingi, kama mtoto wa tajiri. Wala hatumwoni akihangaika na kozi nyingine ya msingi nje ya fasihi, ambayo shahada yake ingemdai. Kwa hiyo tamthilia inaonyesha upendo wa maarifa lakini inaficha upweke wa kuyatafuta. Msomaji anayesoma usiku kwa taa, baada ya zamu ya hospitali, bila Frank yeyote wa kugombana naye, ana haki ya kusema kwamba nusu ya hadithi yake haikusimuliwa.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yalianza na swali la mtu mzima anayelazimishwa kusoma asichokichagua. Uhakiki umeonyesha kwamba swali hilo lina majibu mawili mepesi na yote mawili si sahihi. La kwanza linasema mtu mzima asamehewe, kwa kuwa maisha yamemfundisha. Lakini maisha humfundisha mtu mahali pake na zama zake. Karani wa pamba aliijua mizani moja. La pili linasema mtu mzima ni mtungi mtupu unaosubiri kujazwa. Mafuta ya kitasa yanatosha kulikanusha.

Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanatolewa. Mosi, masomo ya jumla yabaki kuwa ya lazima kwa watu wazima kama kwa vijana. Kuyaondoa ni kuwanyima jibu la pili kwa kisingizio cha kuwaheshimu. Pili, kazi za kozi hizo ziandaliwe ili zianzie katika tajiriba ya mwanafunzi na kuishia katika ushahidi wa wengine, na vigezo vya usahihishaji vitenganishe kwa uwazi alama za hoja na alama za lugha. Tatu, mwanafunzi aruhusiwe kujibu kozi za jumla kwa Kiswahili pale anapoweza kujieleza vyema zaidi kwa lugha hiyo, kwa kuwa kinachopimwa ni uelewa wa jamii, na jamii yenyewe huzungumza Kiswahili.

Tamthilia inaisha Frank akijiandaa kwenda Australia na Rita akimkata nywele. Mwanafunzi amefaulu mtihani, na bado anafanya kazi aliyokuja nayo, kwa ustadi ule ule. Mkasi haukuwa aibu ya kuachwa mlangoni. Chuo kitakachojua kuupokea mkasi wa Rita na mizani ya karani kama mwanzo wa maarifa hakitahitaji kumweleza mtu mzima kwa nini masomo haya ni ya lazima.